Wilaya Ikigawanywa, Mwananchi Hupata Nini? Funzo Kutoka Chechelesi Hadi Malindi

Mzee mmoja wa Chechelesi, kandokando ya mji wa Isiolo, alizitoa karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni, akazipanga mojamoja juu ya mkeka. Ya kwanza ilikuwa kitambulisho chake. Aliigeuza nyuma: wilaya, Isiolo. Ya pili ilikuwa barua ya chifu ya kumtafutia mjukuu wake cheti cha kuzaliwa: Kaunti Ndogo ya Isiolo. Ya tatu ilikuwa fomu ya basari ya mjukuu huyo huyo. Penye nafasi ya kaunti ndogo, karani alikuwa amemjazia: Isiolo Kaskazini.

"Mwanangu, wewe umesoma," akaniambia. "Mimi sijahama hapa. Mbona kila karatasi inanihamisha?"

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Swali la mzee yule ni swali la Mpwani pia. Chukua kitambulisho chako cha kizazi cha pili, kigeuze, utazame nyuma. Kuna aliyezaliwa Malindi ambaye chake kimeandikwa wilaya ya Malindi, na kakaye aliyetangulia kuzaliwa chake kimeandikwa Kilifi. Tumbo moja, kijiji kimoja, wilaya mbili. Na leo, kikatiba, hakuna wilaya ya Malindi wala ya Kilifi. Kuna Kaunti ya Kilifi.

Kila msimu wa siasa ukikaribia, utasikia mtu jukwaani akiahidi: tutawaletea wilaya yenu, tutawaletea kaunti ndogo yenu, tutaigawa kaunti hii mpate yenu. Watu hupiga vigelegele. Leo nataka tukae tulifafanue jambo hili polepole, tujue kinachogawanywa ni kitu gani, nani mwenye mamlaka ya kukigawa, na sisi wananchi hubakiwa na nini.

Wilaya ilikuwa kitu gani

Wilaya tuliirithi kwa Mwingereza. Ilikuwa kipande cha ardhi kilichowekwa chini ya afisa mmoja, DC, aliyekuwa mkono wa serikali kuu: kodi, usalama, barabara, vibali, hata kesi ndogondogo. Juu yake kulikuwa na mkoa na PC wake. Chini yake tarafa na DO, kisha lokesheni na chifu, kisha lokesheni ndogo na naibu wa chifu, na chini kabisa mzee wa mtaa, ambaye hufanya kazi nyingi kuliko wote.

Wilaya hazikukatwa kwa hesabu ya watu. Zilikatwa kwa namna mkoloni alivyotaka kutawala. Kaskazini alitaka kudhibiti mifugo na mipaka, ndiyo maana Isiolo ikafanywa makao ya utawala wa jimbo la mpaka wa kaskazini, lile tulilozoea kuliita NFD. Wilaya za huko zilikuwa kubwa mno na ofisi zake chache mno. Isiolo peke yake ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Mtu wa Merti au Sericho aliyetaka karatasi ya serikali alipaswa kusafiri mchana kutwa hadi mjini Isiolo, alale kwa jamaa, asubuhi apange foleni, na akiambiwa "njoo kesho" alale tena.

Huku kwetu Pwani, sheria ya wilaya na mikoa ya mwaka 1992 ilitambua wilaya sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kwa Kenya nzima zilikuwa 46, na Nairobi ikihesabiwa pembeni kama eneo la 47. Shika hizo namba mbili, 46 na 47, maana tutazirudia.

Kisha zikaanza kuzaliana

Kuanzia miaka ya 1990, wilaya mpya zikaanza kutangazwa. Malindi ikakatwa kutoka Kilifi. Baadaye, katika miaka ya 2000, mwendo ukazidi: Kaloleni, Kinango, Msambweni, Tana Delta, Taveta. Huko Isiolo ikazaliwa Garbatulla, kisha Merti. Mara nyingi tangazo lilitolewa palepale penye mkutano wa hadhara, kiongozi akiwa juu ya gari na watu wakipiga makofi. Kibao kikasimamishwa, DC akaletwa, akapewa chumba katika jengo la kukopa. Gari la kazi lilikuja baadaye, pengine halikuja.

Hadi kufikia mwaka 2009 nchi ilikuwa na wilaya zaidi ya 250. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikatoa uamuzi ambao wengi wameusahau: wilaya zote zilizoundwa nje ya sheria ya 1992 hazikuwa halali. Zilizokuwa halali ni zile 46 tu. Sababu yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Mipaka ya wilaya ilikuwa imewekwa na Bunge kwa sheria, na kilichowekwa na Bunge hakibadilishwi kwa tangazo la jukwaani.

Mwaka uliofuata, Agosti 2010, tukapata katiba mpya. Waliotafuta msingi wa kaunti walirudi kwenye sheria ileile ya 1992. Wilaya 46 na Nairobi zikawa kaunti 47. Ndiyo maana Malindi, iliyokuwa imekaa kama wilaya kwa zaidi ya miaka kumi, na ofisi zake na hospitali yake ya wilaya, iliamka ikiwa imerudi ndani ya Kilifi. Malindi haikuonewa kwa jina. Mgawanyo wake haukuwa na mizizi katika sheria, na kitu kisicho na mizizi upepo wa kwanza hukiangusha.

Kwa Isiolo mambo yalikuwa mepesi zaidi. Garbatulla na Merti zilirudi kwa mama yao, na kaunti ikabaki Isiolo nzima.

Kaunti ndogo mbili zenye jina moja

Sasa turudi kwenye karatasi za mzee wa Chechelesi. Siri ya mkanganyiko wake ni hii: Kenya ina kaunti ndogo za aina mbili, zimeundwa na sheria mbili, na zina wakubwa wawili.

Aina ya kwanza ni ya serikali ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 48, inasema kaunti ndogo ni sawasawa na eneo bunge. Isiolo ina maeneo bunge mawili, Kaskazini na Kusini, kwa hivyo gavana ana kaunti ndogo mbili, kila moja na msimamizi wake. Chini yake kuna wadi, ambazo Isiolo ni kumi, na chini ya wadi kuna vijiji. Huku ndiko uliko mkono wa afya, maji, chekechea, soko na basari ya kaunti.

Aina ya pili ni ya serikali kuu. Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Kitaifa ya mwaka 2013, kifungu cha 14, inampa Waziri, kwa idhini ya Rais, uwezo wa kuunda vituo vya huduma vya serikali kuu kwa tangazo katika gazeti rasmi. Kwa njia hii zile wilaya zilizofutwa na mahakama zilirudi kwa mlango wa nyuma, zikiwa na jina jipya la kaunti ndogo. DC akawa Naibu Kamishna wa Kaunti, DO akawa Kamishna Msaidizi, chifu akabaki chifu. Katika sensa ya 2019 Isiolo ilihesabiwa kwa kaunti ndogo tatu za namna hii: Isiolo yenye watu 121,066, Garbatulla 99,730, na Merti 47,206. Jumla 268,002. Huku ndiko uliko mkono wa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, polisi, baraza la chifu na chakula cha msaada.

Kilifi hali ni hiyohiyo. Gavana ana kaunti ndogo saba, kwa sababu maeneo bunge ni saba. Serikali kuu katika sensa ile ilihesabu tisa, kwa kuwa Chonyi na Kauma zilisimama peke yake.

Kwa hivyo, mzee wangu, karatasi zako hazikuhamishi. Barua ya chifu imetoka kwa mkubwa mmoja, fomu ya basari imetoka kwa mwingine, na kitambulisho chako kimetoka zama za mkubwa wa tatu ambaye sheria imeshamstaafisha. Wewe uko palepale. Ni serikali ndizo zilizochora ramani tatu juu ya kiwanja chako.

Faida ya kujua hili ni ya kila siku. Mwanasiasa akikuahidi "kaunti ndogo mpya," muulize: ya aina gani? Ikiwa ni ya serikali kuu, inaweza kuja kwa tangazo la Waziri, na inaweza kuja bila shilingi moja ya maendeleo ndani yake. Ikiwa ni ya kaunti, haiwezi kuja mpaka eneo bunge jipya liundwe, na hilo si la gavana wala la mbunge.

Wenzetu wa India, Uganda na Tanzania

Tusidhani jambo hili ni letu peke yetu. Mhindi naye aliachiwa wilaya na Mwingereza yuleyule, na mkuu wa wilaya kwao hadi leo huitwa Collector, yaani mkusanyaji, kwa sababu kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya kodi ya ardhi. Lakini wilaya za huko zina watu wa kutisha. Wilaya ya Thane, jirani na Mumbai, katika sensa ya 2011 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 11. Hiyo ni wilaya moja, na Kenya nzima mwaka 2019 ilikuwa na watu takriban milioni 47.6. Mwenye kuishi mashambani na milimani upande wa kaskazini alikuwa wilaya moja na mkaazi wa ghorofa za Thane mjini, na ofisi ilikuwa huko kwenye ghorofa. Tarehe 1 Agosti 2014 wilaya ile ikakatwa, ukapatikana upande mpya wa Palghar.

Jimbo la Telangana lilikwenda mbali zaidi. Oktoba 2016 lilitoka wilaya 10 hadi 31 kwa siku moja, na baadaye zikafika 33. Jirani yake Andhra Pradesh, Aprili 2022, akatoka 13 hadi 26. Kwa India hili ni jambo la serikali ya jimbo. Haihitaji kubadilisha katiba ya nchi. Hoja iliyotolewa ilikuwa ileile ya huku: mwananchi asisafiri siku nzima kutafuta saini. Na malalamiko yalikuwa yaleyale: makao makuu yawe wapi, na kwa nini mji wa fulani na si wetu.

Uganda ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986. Leo ni 135, bila kuhesabu jiji la Kampala. Kila wilaya ya Uganda ina baraza lake na mwenyekiti wake wa kuchaguliwa, kwa hivyo kila wilaya mpya ni viti vipya na mishahara mipya. Tanzania nayo ilizaa mikoa minne mwaka 2012, yaani Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, kisha Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Ndugu zetu wa Tanga wanaijua Mkinga, iliyotoka ubavuni mwa Muheza.

Kwa hivyo kugawa si dhambi, na kukataa kugawa si uadilifu. Swali ni kugawa kwa sababu gani na kwa njia gani.

Kheri iliyomo

Tuanze na kheri, maana ipo. Kwanza ni nauli. Mama wa Magarini au wa Oldonyiro anayefuata cheti cha mwanawe hahesabu kilomita. Huhesabu nauli, chakula cha njiani, na siku ya kibarua iliyopotea. Ofisi ikisogea karibu, umaskini wake hupungua siku hiyohiyo.

Pili ni kujulikana. Afisa anayesimamia watu 50,000 hujua kisima gani kimekauka. Anayesimamia 500,000 husubiri ripoti.

Tatu ni jambo linalotugusa sisi wa Pwani na wale wa Kaskazini kwa pamoja. Kwa miaka mingi kijana wa jamii fulani alipokwenda kuomba kitambulisho alipitishwa mbele ya jopo la kumchuja, aulizwe babu yake alizikwa wapi. Wengi wetu tunaijua foleni ile. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini agizo la kuondoa uchujaji huo. Lakini hata agizo zuri huhitaji ofisi ya kulitekeleza. Kijana wa mbali akikosa nauli ya kuifikia ofisi, kwake yeye hakuna kilichobadilika.

Na shari yake

Waswahili tuna methali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kibao kipya cha kaunti ndogo ni mlango tu. Ndani panatakiwa msajili wa vitambulisho, msajili wa vizazi na vifo, mkuu wa elimu, mkuu wa polisi, gari, mafuta, umeme, na bajeti ya mwaka mzima. Hivi visipokuja, mwananchi hupewa ofisi ya karibu inayompeleka ofisi ya mbali. Analipa nauli mara mbili: ya kwenda kuambiwa, na ya kwenda kufanyiwa.

Kisha kuna mafaili. Wilaya ikigawanywa, rejista za vizazi, mafaili ya ardhi na kesi zilizokuwa zikiendelea hubaki ofisi ya mama mpaka zihamishwe. Faili likikosekana kule na huku, anayeumia ni mwenye shamba.

Lililo zito kuliko yote ni mpaka. Mjini mpaka ni mstari wa ramani. Kwenye nchi ya wafugaji mpaka hukata malisho na maji. Waborana wa Isiolo wana utaratibu wao wa tangu zamani, dedha, ambapo wazee huamua malisho gani yatumike masika na yapi yaachwe yangoje kiangazi, na visima vya nani vinyweshe mifugo ya nani. Dedha haikuulizwa DC anaishia wapi. Ukiweka ofisi mbili juu ya malisho mamoja, kila moja ina watu wake wa kuwapigania, na wazee waliokuwa wakisikilizana kwa maneno huanza kutumiana barua za malalamiko.

Mifano ya mipaka iliyoacha donda haitupi shida kuipata. Isiolo na Meru wamevutana miaka mingi, na uwanja wa ndege wa Isiolo wenyewe umekaa kipande huku na kipande kule. Kwetu, Kwale na Taita Taveta wamegombania Mackinnon Road. Mariakani iko mpakani mwa Kilifi na Kwale, na mfanyabiashara wa hapo anajua maana ya kudaiwa leseni na pande mbili.

Jambo jingine, kila mgawanyo huzaa wachache wapya. Kabila au ukoo uliokuwa ukilalamika kwamba umezidiwa ukipata kaunti ndogo yake, ndani ya hiyo mpya kutakuwa na jirani ambaye sasa ndiye aliyezidiwa. Naye atadai yake. Mwisho wake hauonekani.

Je, Malindi inaweza kuwa kaunti?

Swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja, nalo lina haki ya kujibiwa kwa ukweli. Kwa hesabu ya watu, hoja ina nguvu. Kilifi ina watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019. Malindi peke yake ilihesabiwa zaidi ya 330,000, zaidi ya mara mbili ya Kaunti ya Lamu nzima, yenye 143,920.

Lakini njia ya kisheria ni nyembamba. Kifungu cha 188 cha katiba kinasema mpaka wa kaunti hubadilishwa kwa azimio tu. Kwanza tume huru iundwe na Bunge, ipendekeze. Kisha Bunge la Kitaifa lipitishe kwa thuluthi mbili ya wabunge wote, na Seneti ipitishe kwa thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti zote. Tume hiyo inatakiwa itazame wingi wa watu, miundombinu, mafungamano ya historia na utamaduni, gharama za uendeshaji, maumbile ya nchi, na maoni ya jamii zitakazoguswa. Na hayo ni ya kusogeza mpaka. Kuongeza kaunti ya 48 ni kugusa orodha ya kaunti iliyomo katika katiba yenyewe, na kugusa muundo wa ugatuzi hutupeleka kwenye kura ya maamuzi ya nchi nzima.

Hapo ndipo pesa zinapoingia. Fomula ya kugawia kaunti mapato iliyotumika kwa miaka mitano kuanzia 2020 ilitenga asilimia 20 igawanywe sawasawa kwa kaunti zote, kubwa na ndogo. Kwa hivyo kaunti moja ikiwa mbili, hupata mafungu mawili badala ya moja. Ni tamu kwa wanaogawanyika. Lakini chungu ni kilekile. Fungu la kaunti nyingine zote hupungua, na wabunge wao ndio wale unaowahitaji wapige kura wafike thuluthi mbili. Anayekuahidi kaunti mpya bila kukueleza atawapataje hao, anakuuzia samaki aliye baharini.

Tahadhari ya Lamu Mashariki

Huku tukipigania cha kuongezwa, tuna cha kupoteza. Katiba imefunga idadi ya maeneo bunge: 290, si zaidi. Chukua watu wote wa sensa ya 2019 ugawe kwa 290. Kila eneo bunge linatakiwa liwe na watu takriban 164,000. Sheria inaruhusu majiji yazidi, na sehemu zenye watu wachache zipungue, kwa asilimia 40. Asilimia 40 chini ya 164,000 ni kama 98,400.

Garbatulla, ambayo ndiyo Isiolo Kusini, ina 99,730. Inavuka kwa ncha ya ukucha. Lamu Mashariki, kwa visiwa vyake vya Pate, Ndau na Kiwayu, ilihesabiwa watu takriban 22,000. Mapitio ya mwaka 2012 hayakuigusa kwa sababu katiba ilitoa kinga ya mara moja: mapitio ya kwanza yasifute eneo bunge lolote lililokuwepo. Kinga hiyo imekwisha.

Mapitio yanayofuata yalitakiwa yamalizike kabla ya Machi 2024. Muda ulipita tume ya uchaguzi ikiwa haina makamishna. Wapya waliapishwa Julai 2025. Siku kazi hiyo itakapofanywa, eneo bunge likifutwa, kaunti ndogo ya gavana nayo hufuatana nalo, kwa kuwa ni kitu kimoja, na mfuko wa maendeleo wa eneo bunge pia. Mtu wa Faza atakayetaka kumwona mbunge wake atamfuata Mpeketoni. Hili ndilo jambo la kuandikia maoni, la kupeleka kwa tume kwa maandishi, la kuzungumzwa barazani na redioni, kabla ya kuzungumza kaunti mpya.

Maswali ya kuuliza jukwaani

Sisemi tukatae kugawanywa. Mzee wa Merti ana haki ya ofisi iliyo karibu kama alivyo nayo mkaazi wa Tudor. Nasema tuulize kabla ya kupiga makofi:

1. Mgawanyo huu unafanywa na nani, na kwa sheria gani? Umeandikwa kwenye gazeti rasmi, au umetamkwa tu?
2. Mpaka unapita wapi hasa, na wenye malisho, mashamba na madau pande zote mbili wameulizwa?
3. Makao makuu yatakuwa wapi, na mwenye kuishi mbali zaidi atatumia nauli kiasi gani?
4. Ni huduma zipi zitapatikana hapo tangu siku ya kwanza? Kitambulisho? Cheti cha kuzaliwa? Au ni muhuri tu?
5. Pesa zake zimo katika bajeti ya mwaka huu?
6. Walio wachache ndani ya kipande kipya watalindwaje?

Akijibu yote sita, mpigie vigelegele, nami nitakuja kupiga nawe. Akijibu matatu, mwambie arudi akajipange.

Pengine tutagundua kwamba mengi tunayoyatafuta kwa kugawa ardhi yanaweza kupatikana kwa kupeleka huduma: msajili anayezunguka na mashine yake mara moja kwa mwezi, Faza leo, Kizingitini kesho, dirisha la vyeti katika ofisi ya chifu, barabara inayopitika masika. Haya hayahitaji thuluthi mbili ya Seneti.

Kabla sijaondoka Chechelesi, nilimwandikia mzee yule kwenye kipande cha karatasi: ya kitambulisho na cheti, nenda kwa chifu, ya basari ya kaunti, maji na zahanati, nenda ofisi ya wadi, ya basari ya mbunge, nenda ofisi ya eneo bunge. Mistari mitatu tu. Akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na zile nyingine.

"Hii," akasema, "ndiyo ilitakiwa kuwa ya kwanza."